Zoezi la Kuimarisha Mgongo Bila Vifaa: Namna Linavyofanywa na Sababu Zake

Ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ina uzito wa takriban kilo 20. Katika vijiji na mitaa mingi ya Afrika Mashariki ndoo hiyo hubebwa kichwani asubuhi na jioni, na uzito wake wote hupita shingoni, kifuani na kiunoni kabla ya kufika miguuni. Watafiti waliwahi kuupima uti wa kiuno katika maabara ukiwa na mifupa yake na ligamenti zake, yaani nyuzi ngumu zinazofunga mfupa na mfupa, lakini ukiwa umeondolewa misuli. Uti huo ulipokandamizwa kutoka juu, ulishindwa kusimama wima na kupinda ghafla chini ya kani ya takriban nyutoni 90, sawa na uzito wa kilo 9. Kwa maneno mengine, mifupa na ligamenti peke yake haziwezi kuhimili hata nusu ya ndoo moja.

Kinachoziba pengo hilo ni misuli, pamoja na mishipa ya fahamu inayoiamuru ikaze lini na kwa kiasi gani. Ndiyo maana mgongo wenye maumivu hautibiwi kwa kupumzishwa tu, na ndiyo maana zoezi lililochaguliwa vyema huweza kufanya kazi ambayo dawa ya kutuliza maumivu haiwezi kuifanya. Makala haya yanaeleza zoezi moja lisilohitaji kifaa chochote zaidi ya mkeka: sababu za kuchaguliwa kwake, namna linavyofanywa, kiasi kinachofaa, na hali ambazo mtu hapaswi kulianza kabla ya kumwona daktari.

Ukubwa wa tatizo

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na kwamba idadi hiyo huenda ikafikia milioni 843 ifikapo mwaka 2050. Hakuna tatizo jingine la afya linalowafanya watu wengi zaidi kuishi na ulemavu. Kwa wagonjwa takriban 9 kati ya 10, uchunguzi hauonyeshi ugonjwa mahususi, kama vile kuvunjika kwa pingili, maambukizi au saratani, unaoweza kutajwa kuwa ndio chanzo. Kukosekana kwa chanzo hicho hakumaanishi kwamba maumivu ni ya kubuni. Maana yake ni kwamba tatizo limo zaidi katika utendaji wa mgongo kuliko katika umbo lake, na utendaji unaweza kufunzwa upya.

Kwa miaka mingi mwenye kuumwa kiuno aliambiwa alale kitandani hadi apone. Ushauri huo ulianza kutiliwa shaka kwa nguvu mwaka 1986, pale Richard Deyo na wenzake nchini Marekani walipochapisha utafiti uliowahusisha wagonjwa 203. Baadhi yao waliagizwa kulala siku 2, na wengine siku 7. Walioagizwa siku 2 walikosa siku chache zaidi za kazi, kwa asilimia 45, na katika mambo mengine hawakuwa nyuma ya wenzao. Kulala muda mrefu hupunguza misuli ileile ambayo mgongo unaihitaji. Mkanda wa kiuno nao haujathibitika kuwa badala ya misuli: katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, Shirika la Afya Duniani halipendekezi mikanda hiyo kwa matibabu ya kawaida, bali linapendekeza elimu kwa mgonjwa na programu za mazoezi.

Kiwiliwili kinavyojishikilia

Uti wa mgongo una pingili 33, na kati ya hizo 24 zinaweza kucheza. Pingili 5 za kiuno ndizo kubwa kuliko nyingine zote zinazocheza, kwa kuwa hubeba uzito wa sehemu yote ya juu ya mwili. Mwaka 1992 Manohar Panjabi wa Chuo Kikuu cha Yale alieleza kwamba uthabiti wa uti hutokana na mifumo mitatu inayotegemeana: mfumo wa mifupa, visahani na ligamenti, mfumo wa misuli, na mfumo wa fahamu unaoiratibu misuli hiyo. Mmoja ukilegea, mingine hulazimika kufidia, na kufidia kwa muda mrefu huleta uchovu na maumivu.

Misuli inayohusika hukizunguka kiwiliwili kama kuta za pipa. Mbele na ubavuni kuna misuli ya tumbo, na wa ndani kabisa kati yake hulizunguka tumbo mithili ya mshipi. Nyuma kuna misuli mirefu inayokwenda sambamba na uti, na chini yake misuli mifupi inayoishika pingili moja na nyingine. Juu kuna kiwambo cha kupumulia, na chini kuna misuli ya sakafu ya nyonga. Uti uliomo kati ya kuta hizo ni kama mlingoti wa jahazi, ambao hausimami kwa unene wake pekee bali kwa kamba zinazouvuta kutoka pande zote kwa usawa. Kamba ya upande mmoja ikilegea, kuikaza zaidi ya upande wa pili hakusaidii, bali huuinamisha mlingoti.

Kutokana na maelezo hayo yapo mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, misuli ya kiwiliwili hutumika zaidi kuzuia mwendo usiotakiwa kuliko kuuleta mwendo. Mtu anapoinua jembe, anaposukuma mkokoteni au anapombeba mtoto ubavuni, mikono na miguu ndiyo inayosogea, na kiuno hutakiwa kutulia. Pili, misuli hiyo huhitaji ustahimilivu kuliko nguvu za mara moja, kwa sababu hukazwa kidogo kidogo tangu mtu anapoamka hadi anapolala. Mwaka 1984 Finn Biering-Sørensen wa Denmark alichapisha matokeo ya uchunguzi wa wanaume 449 na wanawake 479. Miongoni mwa wanaume, wale ambao misuli ya mgongo wao iliweza kukazwa kwa muda mrefu zaidi bila kuchoka walionekana kuwa katika hatari ndogo zaidi ya kupata maumivu ya kiuno kwa mara ya kwanza katika mwaka uliofuata.

Jambo jingine lilibainishwa na Julie Hides na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia, waliowafuatilia wagonjwa 39 waliopata maumivu makali ya kiuno kwa mara ya kwanza. Maumivu yalipokwisha, ile misuli mifupi inayoshika pingili haikurudia ukubwa wake yenyewe kwa wale ambao hawakufanya mazoezi maalumu. Baada ya mwaka mmoja maumivu yalikuwa yamewarudia asilimia 84 ya hao, ilhali waliofanya mazoezi yaliwarudia asilimia 30. Idadi ya wagonjwa ilikuwa ndogo, hivyo asilimia hizo hazipaswi kuchukuliwa kuwa kanuni kwa kila mtu. Hata hivyo, funzo lake linaeleweka: kwisha kwa maumivu si uthibitisho kwamba mgongo umerudia hali yake.

Zoezi lenyewe na sababu za kuchaguliwa

Zoezi linalozungumziwa hapa hufanywa kwa mtu kupiga magoti na kuweka viganja chini, kisha kunyoosha mkono mmoja mbele na mguu wa upande mwingine nyuma, huku mgongo ukiwa umetulia. Katika nchi zinazozungumza Kiingereza limepewa jina la mbwa wa mwindaji wa ndege, kwa kuwa mbwa huyo anapomwona ndege kichakani husimama tuli, akiwa ameinua mguu mmoja wa mbele na kuunyoosha mkia wake nyuma. Kwa ufupi laweza kuitwa zoezi la mbwa mwindaji.

Stuart McGill wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada, aliyepima kwa miongo kadhaa mizigo inayoupata uti wakati wa mazoezi mbalimbali, ndiye aliyelipa zoezi hili umaarufu katika tiba ya mgongo. Alipendekeza mazoezi matatu yafanywe pamoja: hili kwa ajili ya misuli ya nyuma, kujiegemeza ubavu kwa ajili ya misuli ya pembeni, na kuinua kichwa na mabega kidogo wakati wa kulala chali kwa ajili ya misuli ya mbele.

Sababu ya kulichagua ni uwiano baina ya faida na gharama. Misuli hukazwa kiasi cha kutosha kuifunza, ilhali uti haukandamizwi kupita kiasi. Vipimo vya maabara ya Waterloo vilionyesha kwamba kunyoosha mkono na mguu kwa pamoja huukandamiza uti wa kiuno kwa takriban nyutoni 3,000. Kiasi hicho ni chini ya nyutoni 3,400, ambazo Taasisi ya Taifa ya Usalama na Afya Kazini ya Marekani ilizitumia kuwa kikomo cha tahadhari katika kazi za kuinua mizigo. Kunyoosha mguu peke yake, bila mkono, hukandamiza kidogo zaidi ya nyutoni 2,000. Kwa upande mwingine, zoezi linalofundishwa sana la kulala kifudifudi na kuinua mikono, kifua na miguu kwa wakati mmoja lilikadiriwa kuukandamiza uti kwa zaidi ya nyutoni 6,000, tena ukiwa umepindishwa kwa nyuma. Mwenye afya kamili huenda asidhurike, lakini mwenye maumivu hana sababu ya kuanzia hapo.

Faida nyingine inatokana na ule mshazari wa mkono na mguu. Mkono wa kulia na mguu wa kushoto vinapoinuliwa, mwili hubaki juu ya egemeo mbili tu, yaani kiganja cha kushoto na goti la kulia. Kiwiliwili hutaka kujizungusha na kuangukia upande usio na egemeo, nayo misuli ya tumbo, ya mgongo na ya matako hulazimika kushirikiana kukizuia. Ushirikiano huo ndio unaohitajika wakati wa kutembea, ambapo mkono na mguu wa pande tofauti husogea kwa pamoja.

Namna ya kulifanya

Mfanyaji hutandika mkeka mahali tambarare na kuweka kanga au taulo iliyokunjwa chini ya magoti. Mwenye maumivu ya kifundo cha mkono anaweza kukunja ngumi badala ya kukifungua kiganja.

Hatua ya kwanza ni kuupata mkao. Viganja huwekwa chini ya mabega na magoti chini ya nyonga, kama mtoto anayejiandaa kutambaa. Macho hutazama chini, ili shingo iendelee kunyooka na mgongo. Kisha mfanyaji huubinua mgongo juu taratibu kama paka, huushusha upande wa pili kwa upole, na kurudia mara tano au sita bila kufika mwisho wa uwezo wake. Baada ya hapo husimama katikati, pale ambapo kiuno kina mbonyeo mdogo wa asili na hakuna maumivu. Mkao huo wa katikati ndio utakaolindwa hadi mwisho.

Hatua ya pili ni kukaza tumbo. Tumbo halivutwi ndani wala halisukumwi nje. Hukazwa kidogo pande zote, kama afanyavyo mtu anayetarajia kusukumwa. Kipimo cha kukaza kunakofaa ni kwamba mfanyaji bado anaweza kupumua na kuzungumza.

Hatua ya tatu ni mguu peke yake. Mguu mmoja huburutwa nyuma hadi unyooke, vidole vikiwa bado vinagusa sakafu. Kiuno kisipoyumba, mguu huinuliwa hadi ulingane na kiwiliwili, wala usipite hapo. Kisigino husukumwa nyuma, kana kwamba kinagusa ukuta wa mbali. Baada ya sekunde chache mguu hurudishwa, na zoezi hurudiwa upande wa pili. Wenye maumivu huweza kubaki katika hatua hii kwa siku kadhaa au hata wiki.

Hatua ya nne ni mkono na mguu kwa pamoja. Mguu wa kushoto unapokwenda nyuma, mkono wa kulia huinuliwa mbele hadi usawa wa bega, kidole gumba kikielekea juu. Mkao hushikiliwa kwa sekunde 8 hadi 10, huku pumzi ikiingia na kutoka kama kawaida. Kisha mkono na goti hurudishwa chini kwa utulivu, na baada ya pumzi moja mkao hurudiwa.

Hatua ya tano ni ya waliokwisha kuizoea ya nne. Mkono na mguu vikiwa vimenyooshwa, kiwiko na goti huletwa karibu chini ya kiwiliwili bila kugusa sakafu, kisha hunyooshwa tena. Mgongo haupaswi kukunjika kufuata kiwiko, na wote wawili, bega na nyonga, ndio wanaosogea. Mwenye uwezo zaidi anaweza kuchora mraba mdogo hewani kwa mkono na mguu, kiuno kikiwa palepale.

Asiye na mtu wa kumwangalia anaweza kujipima kwa fimbo nyofu iliyolazwa mgongoni kwa urefu. Fimbo inapaswa kugusa kisogo, sehemu ya juu ya mgongo baina ya mabega, na mfupa wa chini ya kiuno, na isibingirike wala kuacha sehemu hizo wakati mkono na mguu vinapoinuliwa. Fimbo ikianguka, hatua iliyochaguliwa ni ngumu mno kwa siku hiyo, na inafaa kurudi hatua moja nyuma.

Kiasi na ratiba

Watu wengi hudhani kwamba kushikilia mkao kwa dakika nzima ni bora kuliko kuushikilia kwa sekunde 10. Lakini msuli unaokazwa mfululizo huibana mishipa yake ya damu na kupungukiwa na oksijeni. Hapo ndipo uchovu unapoingia, na mgongo kuanza kuyumba. Kwa hiyo McGill alishauri kuongeza idadi ya marudio, si urefu wa kila rudio, na kupunguza marudio kadiri uchovu unavyoongezeka.

Mfano wa ratiba hiyo ni huu: marudio 6 kwa kila upande, kila moja la sekunde 10, mapumziko ya nusu dakika, marudio 4 kwa kila upande, mapumziko, na mwisho marudio 2. Jumla ni marudio 12 kwa kila upande, na muda wote pamoja na mapumziko ni kama dakika 6. Anayeanza anaweza kushika sekunde 5 tu, kwa marudio 4, 3 na 2. Akiweza kumaliza bila kuyumba kwa siku tatu au nne mfululizo, huongeza rudio moja katika seti ya kwanza. Kwa kuwa zoezi hili ni jepesi, laweza kufanywa kila siku.

Wakati wa kulifanya nao una umuhimu. Visahani vilivyo kati ya pingili hufyonza maji usiku, kiasi kwamba mtu mzima huamka akiwa mrefu kwa sentimita 1 hadi 2 kuliko alivyokuwa jioni. Visahani vilivyojaa maji hukazana zaidi kiuno kinapokunjwa. Inafaa, basi, mtu atembeetembee kwa nusu saa hadi saa moja baada ya kuamka ndipo afanye mazoezi ya mgongo.

Makosa yanayojirudia

Kosa la kwanza ni kuinua mguu juu mno. Mguu ukipita usawa wa kiwiliwili, nyonga humaliza mwendo wake na kiuno hujipinda nyuma, na zoezi la kutuliza mgongo hugeuka kuwa la kuukunja. Kosa la pili ni kuiacha nyonga ya mguu ulioinuliwa ifunguke pembeni. Mifupa miwili ya mbele ya nyonga inapaswa kutazama sakafu kwa usawa wakati wote. Kosa la tatu ni kuinua kichwa kutazama mbele, jambo linaloichosha shingo. La nne ni kuzuia pumzi, ambalo hupandisha shinikizo la damu na ni la hatari zaidi kwa mwenye ugonjwa wa moyo au wa shinikizo la damu. La tano ni haraka. Mikono na miguu ikirushwa, kasi yenyewe ndiyo inayoibeba, na misuli iliyokusudiwa haifanyi kazi.

Uchovu wa misuli ya matako, mabega na mgongo baada ya zoezi ni wa kawaida, nao hupungua ndani ya siku moja au mbili. Maumivu makali yanayochoma, au maumivu yanayoshuka kutoka kiunoni kwenda mguuni wakati wa zoezi, si uchovu. Yakitokea, zoezi lisitishwe na ushauri wa mtaalamu utafutwe.

Ushahidi na mipaka yake

Mwaka 2021 Jill Hayden na wenzake walichapisha mapitio ya mtandao wa Cochrane yaliyokusanya majaribio 249 ya mazoezi kwa watu wenye maumivu sugu ya kiuno. Ikilinganishwa na kutotibiwa au kupata huduma ya kawaida, mazoezi yalipunguza maumivu kwa wastani wa alama 15 katika kipimo cha alama 100. Nafuu hiyo ni ya maana kwa mgonjwa, lakini si uponyaji kamili, na kuongezeka kwa uwezo wa kufanya kazi kulikuwa kudogo zaidi.

Aidha, tafiti zinazolinganisha mazoezi ya kutuliza uti na mazoezi mengine ya jumla zimeonyesha kwamba, kwa muda mrefu, tofauti baina yake ni ndogo au haipo. Zoezi la mbwa mwindaji, kwa hiyo, si tiba ya pekee wala si bora kuliko yote. Ubora wake ni kwamba ni salama kwa wengi, halina gharama, na linaweza kufanywa chumbani na mtu ambaye mgongo wake bado haujaweza mazoezi mazito. Kutembea pia kuna nafasi yake. Jaribio lililofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 2024, lililowahusisha watu wazima 701 waliokuwa wamepona maumivu ya kiuno, lilionyesha kwamba waliofuata programu ya kutembea pamoja na elimu walikaa siku 208 kwa kipimo cha mediani kabla ya maumivu kurudi, ikilinganishwa na siku 112 kwa wasioifuata.

Wanaopaswa kumwona daktari kwanza

Ingawa maumivu mengi ya kiuno hayana chanzo cha hatari, yapo machache ambayo kuyachelewesha huweza kuleta kupooza au kifo. Hayo hayatibiwi kwa mazoezi ya nyumbani.

Mwenye ganzi katika eneo la haja na mapaja ya ndani, anayeshindwa kukojoa au kuzuia mkojo na choo, au ambaye miguu yake inapungukiwa na nguvu, anapaswa kufikishwa hospitalini siku hiyohiyo. Dalili hizo huweza kumaanisha kwamba mishipa ya fahamu iliyo chini ya uti imebanwa, na saa chache huwa na thamani kubwa.

Maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito yanahitaji uchunguzi wa kifua kikuu cha uti wa mgongo, hata kama mgonjwa hakohoi. Ugonjwa huo, ulioelezwa na daktari mpasuaji Percivall Pott huko London mwaka 1779, bado upo katika nchi zenye kifua kikuu kingi, Tanzania na Kenya zikiwamo. Hula pingili taratibu hadi mgongo kutoa kibyongo. Ukigunduliwa mapema hutibika kwa dawa. Ukicheleweshwa huweza kuacha ulemavu wa kudumu. Kwa wafugaji na wanaokunywa maziwa yasiyochemshwa, homa na maumivu ya mgongo huweza pia kutokana na ugonjwa wa brusela.

Wengine wanaopaswa kuchunguzwa kwanza ni waliowahi kuugua saratani, walioanguka au kupata ajali, wazee wenye mifupa dhaifu, wanaotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, na wale ambao maumivu yao huwaamsha usiku na hayapungui kwa mkao wowote. Mjamzito asiye na matatizo huweza kulifanya zoezi hili kwa kuanzia na mguu peke yake, baada ya kushauriana na mkunga au daktari wake. Mkao wa magoti na viganja humfaa zaidi kuliko kulala chali katika miezi ya mwisho.

Kutoka mkekani hadi kazini

Dakika 6 za mkekani hazina nguvu ya kushinda saa 10 za kuukunja mgongo vibaya. Thamani ya zoezi huonekana pale mwili unapochukua lilelile fundisho, yaani kiuno kitulie na viungo visogee, na kulipeleka katika kazi. Anayeinua ndoo huikaribia, hukunja nyonga na magoti, hukaza tumbo kabla ya kuinua, na huibeba karibu na mwili. Anayelima kwa jembe la mkono huinama kutoka kwenye nyonga badala ya kukunja kiuno, hubadili mguu wa mbele kila baada ya muda, na husimama wima mara kwa mara. Dereva wa bodaboda na karani wa ofisini, ambao tatizo lao ni kukaa, hunufaika kwa kuinuka na kutembea hatua chache kila nusu saa.

Kuna hata namna ya kulifanya zoezi hili mtu akiwa amesimama. Anayeokota kitu chepesi sakafuni, kama vile ufunguo au kijiko, hujishika mezani kwa mkono mmoja, huinama kutoka kwenye nyonga kwa kuunyoosha mguu mmoja nyuma, na kukiokota kwa mkono mwingine. Mgongo hubaki umenyooka, kama ulivyokuwa mkekani.

Programu nyingi zilizochunguzwa kitaalamu huchukua wiki 6 hadi 12, hivyo asiyeona tofauti katika wiki ya kwanza hana sababu ya kukata tamaa. Dalili za awali za mafanikio ni ndogo: fimbo haianguki tena, kugeuka kitandani hakuumi kama zamani, ndoo huinuliwa bila kushika kiuno. Ikiwa wiki 6 zitapita bila mabadiliko yoyote, au maumivu yakiongezeka, mgonjwa amwone daktari au mtaalamu wa fiziotherapia ili achunguzwe na kupangiwa mazoezi yanayolingana na hali yake.